Bunduki ya Tatu

Kwa miaka kumi na mmoja Lonnie Petrak alikuwa amewapigia risasi za heshima askari zaidi ya sitini makaburini, na yeye mwenyewe jeshi lilikuwa halimtambui kuwa aliondoka kwa heshima. Katika mji wote wa Carrick Run jambo hilo lilijulikana na watu watatu tu: yeye, mkewe Denise, na tangu Jumatano, Bi Adler, wakili aliyewasaidia wanajeshi wa zamani bila malipo.

Bi Adler hakumzungusha. Alimweleza kwamba mtu ana miaka kumi na tano ya kuiomba bodi ibadilishe cheti chake cha kuachishwa jeshi, na kwamba yake inaisha Jumanne. Baada ya hapo njia iliyobaki ni nyembamba zaidi. Vyeti vya hospitali vilikuwapo, maelezo yake yalikuwapo. Kilichokosekana ni barua ya mtu wa kuheshimika aliyemjua kwa miaka mingi tangu atoke jeshini.

"Yule mzee wa klabu ya maveterani," alisema Bi Adler. "Stubbs."

"Hajui kitu."

"Basi mwambie. Barua ya mtu asiyejua kitu haitakusaidia."

Kumwambia! Harlan Stubbs, kamanda wa klabu, alipigana Vietnam, na kwake cheti safi kilikuwa kama ubatizo.

Na Lonnie hakuanza kwa kudanganya. Alirudi kutoka Iraki akiwa na miaka ishirini na mitatu. Gari lililokuwa mbele ya lake lilikuwa limelipuka na rafiki yake Cobb akiwamo ndani, na tangu siku hiyo usingizi ulimkataa. Akavuta bangi ili alale. Wakampima mkojo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini halali; taifa lililokuwa na mabilioni ya kumpeleka vitani halikuwa na nusu saa ya kumsikiliza. Ofisa mmoja alimsukumia karatasi mezani akamwambia atie saini tu, kwamba baada ya miezi sita itajibadilisha yenyewe iwe ya heshima. Maneno hayo waliambiwa askari wengi waliofukuzwa miaka ile, na wengi waliyaamini. Hakuna karatasi ya serikali inayojibadilisha yenyewe. Lakini Lonnie aliamini kwamba imechelewa tu, na hata miaka minne baadaye, Harlan alipomtaka cheti chake klabuni, alijibu kwamba kinakuja. Harlan alicheka, akasema serikali haijawahi kuwa na haraka, akampa bunduki. Siku Lonnie alipougundua ukweli, tayari alikuwa ameshazika wanne. Akanyamaza.

Ijumaa ilikuwa ya Kwaresima, na klabuni walikaanga samaki kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Lonnie alisimama mbele ya karai la mafuta akijiambia kwamba sahani hii ikiisha atamwita mzee pembeni. Sahani ziliisha moja baada ya nyingine. Harlan alipita, akabonyeza kipande kwa uma.

"Petrak, samaki wako kama risasi zako. Kelele nyingi, ndani hakuna kitu."

Wote wakacheka, Lonnie akacheka nao, na hivyo akawa ameupoteza wasaa wake.

Jumamosi walimzika Walt Dombroski. Zamani kikosi cha klabu kilikuwa na bunduki saba. Sasa zilibaki tatu: Earl mwenye goti bovu, Mitch wa posta, na Lonnie. Sheria ya klabu ilikuwa moja: zikiwa chini ya tatu, hakuna heshima ya risasi, marehemu anapigiwa tarumbeta tu. Mjane alikuwa ameshaketi mbele ya jeneza lililofunikwa bendera. Nyuma ya pikapu Harlan alimkabidhi Earl bunduki, akamkabidhi Mitch, wakaenda kujipanga. Ya tatu akamnyooshea Lonnie.

Mikono ya Lonnie ilibaki chini.

"Shika, kijana. Mchungaji anamalizia."

"Siwezi, Kamanda."

"Mkono unauma?"

"Cheti hakikuja. Hakitakuja. Waliniachisha bila heshima, kwa bangi. Nimekudanganya tangu mwanzo."

Upepo ulipiga turubai la makaburini. Kule mbele Earl alikuwa akigeuza shingo kuwatafuta.

"Kwa nini leo?" mzee aliuliza mwishowe. "Miaka yote hiyo, ukaichagua leo, na Walt yuko pale?"

"Nataka barua yako kwa bodi. Muda unaisha Jumanne. Nikaona siwezi kumpigia Walt risasi leo halafu Jumatatu nije kukuomba uandike kwamba mimi ni mkweli."

"Ningekukatalia?"

"Sijui. Ni haki yako."

Harlan aliitazama bunduki iliyokuwa mkononi mwake. Bega lake la kulia lilikuwa limepasuliwa mara mbili, na daktari alishamkataza hata kubeba mfuko wa viazi.

"Nenda ukasimame na raia," alisema.

Lonnie akaenda akasimama kando ya Denise, na kila aliyemfahamu akageuka kumtazama. Aliona mzee akijipanga wa tatu. Mlio wa kwanza, Harlan akayumba. Wa pili, uso ukamkunjamana. Wa tatu ulichelewa kidogo tu, lakini ulitoka. Kisha ilikuwa desturi ya Lonnie kuokota maganda ya risasi na kumpelekea mjane. Alipiga hatua moja. Harlan akatikisa kichwa, akapiga goti mwenyewe, na ilimchukua muda mrefu kuinuka.

Jumapili simu haikulia. Jumatatu asubuhi Lonnie alikuwa kazini, ndani ya mtaro akifunga bomba la mji lililopasuka, matope mpaka magotini, alipoona buti za mzee juu yake. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Kwa wa kushoto alinyoosha bahasha isiyofungwa.

"Soma. Kama kuna uongo, niambie."

Mwandiko ulikuwa mbaya, wa mkono usiozoea. Iliandikwa kwamba Petrak alimdanganya yeye, Harlan Stubbs, kwa miaka kumi na mmoja, na kwamba hilo hajalisamehe bado. Kwamba katika miaka hiyo hakukosa maziko hata mara moja, theluji au mvua. Kwamba siku ambayo kunyamaza kungekuwa rahisi kuliko siku zote, alisema kweli jeneza likingoja, akijua atapoteza nini. "Mliuliza mkojo wake," ilimalizia. "Sasa muulizeni mtu mwenyewe."

Lonnie aliisoma mara mbili ndani ya mtaro.

"Hakuna uongo," alisema.

"Basi ipeleke. Na mashine yako ya kuvuta maji inavuja."

Bodi ilijibu mwezi wa tisa. Wajumbe watatu walikubali, wawili walikataa. Hawakumpa heshima kamili. Walimpandisha daraja moja, kuachishwa kwa kawaida, ambako klabu hukupokea, pamoja na mstari mkavu uliosema wamezingatia hali yake baada ya vita. Mstari mmoja, kwa miaka kumi na tano. Denise alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa furaha.

Lonnie aliipeleka karatasi klabuni, akaiweka kwenye kaunta. Harlan alivaa miwani, akaisoma neno kwa neno mpaka kwenye mhuri, akaikunja, akaifungia kabatini mlimokaa vyeti vya wengine. Kisha akajisugua bega.

"Jumamosi, saa nne asubuhi," alisema. "Mjomba wake Mitch. Usichelewe."