Mawe Yaliyong'arishwa

Kila aliyewahi kuingia katika makaburi ya zamani alimjua mlinzi wa hapo kwa jina la Brashi. Hakulichukia jina hilo. Mkewe aliwaambia majirani kwamba kwa miaka ishirini na minane mume wake ameishika brashi ya waya zaidi kuliko alivyomshika yeye mkono, na walipocheka, yeye hakucheka.

Alilipenda lile eneo kama mtu anavyopenda kitu ambacho wengine wamekitupa. Halmashauri iliacha kuzika pale kabla hajazaliwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini, daftari la maziko lililiwa na mchwa, na aliyetaka kujua nani amelala wapi hakuwa na pa kuuliza ila kwenye mawe. Basi Brashi akayatunza mawe. Alifyeka nyasi, aling'oa mizizi, na kila Jumamosi aliwatembeza wageni na wanafunzi akiwasomea: huyu alikuwa fundi saa, huyu alizama, hawa ndugu wawili walichukuliwa na ndui ndani ya wiki moja.

Safu ya sita ndiyo iliyotazama lango. Walilala humo wanawake kumi na mmoja waliofia katika hospitali ya wazazi iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Kwa kuwa ndiyo iliyoonekana kwanza, aliitaka ing'ae. Brashi ya waya peke yake ikashindwa na kuvu. Fundi bomba mmoja akamshauri atumie asidi ya kusafishia vyoo. Akaimimina. Jiwe la chokaa likatoa povu, likachemka kama sufuria, kisha likabaki jeupe kama jino la mtoto. Akarudia kila mwaka kabla ya mvua. Herufi zilipungua kina taratibu mno, jicho linaloziona kila siku lisijue. Wala hakuhitaji kuzisoma. Alikuwa nazo kichwani. Mpaka Jumamosi moja, mbele ya wanafunzi, alitaja majina manne ya kwanza na la tano halikuja. Akaligeukia jiwe limsaidie. Halikuwa na kitu.

Aliwaambia watoto muda umekwisha.

Mwaka uliofuata mtaalamu wa mawe akaja kutoka makumbusho kuandika daftari jipya. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye tochi aliyoimulika ubavuni mwa mawe ili kivuli kiingie kwenye michirizi. Katika safu ya sita tochi haikuonyesha chochote. Brashi akataja majina yake manne.

"Na haya saba, mzee? Yamepatwa na nini?"

"Mvua."

"Mvua imechagua safu moja?"

"Mvua ya siku hizi haina adabu, mwanangu."

Mtaalamu akacheka, akaandika: mvua.

Miezi michache baadaye alipiga simu. Kuna bibi wa miaka sabini na kitu amelisoma daftari. Mama yake alifariki akimzaa katika hospitali ile, na jina lake halimo kati ya yale manne. Hana hata picha. Atakuja kesho. "Nimemwambia wewe ndiye kumbukumbu yetu," alisema mtaalamu.

Mchana huo Brashi alirudi nyumbani. Akamweleza mkewe yote.

"Mwonyeshe lolote kati ya hayo saba," mkewe akasema. "Atalia, atapumua, atakwenda zake. Maiti hatabisha."

"Na akileta wajukuu?"

"Waonyeshe hilo hilo. Usije tu ukasahau ni lipi." Kisha akaacha mzaha. "Ukisema ukweli watakufukuza, bwana. Halafu utashinda wapi? Humu ndani na mimi?"

Bibi alifika na mtaalamu, amevaa viatu vipya vilivyombana, mkononi ana kitambaa cha kufutia vumbi.

"Yuko wapi, mdogo wangu?"

Brashi aliinua mkono, akaonyesha jiwe la tatu kutoka mwisho. Bibi akaanza kuinama. Aliinama polepole, kwa goti moja, akishikilia hewa.

"Dada, usiiname," Brashi akasema. "Sijui ni lipi. Yumo katika haya saba. Jina lake lilikuwepo. Mimi ndiye niliyelisafisha mpaka likaisha."

Mtaalamu alitoa kalamu, akakata neno moja kwenye daftari lake. Hakumtazama mtu.

"Ulikuwa unalisoma?" bibi akauliza.

"Miaka mingi."

"Chini ya jina waliandika nini?"

Palikuwa na mstari. Aliukumbuka urefu wake, na ulivyoinamia kushoto. Maneno hayakuja.

"Sikumbuki, dada."

"Miaka yote hiyo," bibi alisema, "wewe umemsoma mama yangu. Mimi sijamsoma hata siku moja."

Akawaomba wamwache. Mtaalamu aliondoka na gari la ofisi. Alisema tu kwamba itabidi aandike taarifa. Brashi akasimama langoni na kufuli mkononi. Hakuwahi kufunga baada ya saa kumi na mbili. Ilipofika, aliingia hatua chache kwenda kumwambia muda umekwisha.

Bibi alikuwa amevua viatu. Alikuwa kwenye jiwe la pili kati ya yale saba, amefumba macho, anapitisha vidole juu ya ule weupe, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Matano yalibaki.

Brashi akarudi langoni, akaketi chini.