Saa Sita za Kibarua

Mdogo wangu nilimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea, na kwa sababu ya kumlea nikachelewa kuanza shule. Ndiyo maana miaka ya tisini ilitukuta kidato kimoja, dawati moja, katika sekondari ya masista pale Bugene, na watu wakidhani sisi ni mapacha. Sikulipenda hilo hata kidogo.

Kompyuta ililetwa na wageni wa kanisa. Ilikuwa moja tu, ikafunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Sista wa hesabu alitufundisha kuandika fankisheni, kile kipande kifupi cha programu unachokipa namba, nacho kinapiga hesabu na kukurudishia jibu. Tulianza na kujumlisha, tukaja kwenye eneo la mstatili. Nilikuwa namaliza wa kwanza kila mara, na nilihakikisha mdogo wangu anaona. Kisha sista akasema atakayefanya vizuri zoezi la mwisho atabaki pale kwa masista likizo nzima, aitumie kompyuta kila siku. Wengine turudi nyumbani kuchuma kahawa. Niliitaka nafasi ile mpaka nikakosa hamu ya kula.

Zoezi lilikuwa hili: fankisheni ipewe saa ambayo kibarua ameanza kazi na saa aliyomaliza, irudishe amefanya kazi kwa saa ngapi. Nilicheka moyoni. Nikatoa ya kuanza kwenye ya kumaliza, nikajaribu saa mbili mpaka saa tisa, ikaleta saba. Nikainuka kwenye kiti kwa madaha.

Sista akakaa, akaandika kumi na mbili, kisha sita. Ndivyo vibarua wa kwetu wanavyofanya, wanaingia shambani saa kumi na mbili asubuhi, saa sita jua likiwa kali wanatoka. Kompyuta ikajibu hasi sita.

"Huyu kibarua wako," sista akaniuliza, "alikuja kupalilia migomba au kuing'oa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mdogo wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana fankisheni yake ilikuwa na mstari mmoja wa ziada: jibu likiwa chini ya sifuri, ongeza kumi na mbili. Basi. Na kusoma saa nilimfundisha mimi. Nilimwonea wivu, sina neno jingine la kulipamba. Nilitamani ile kompyuta iungue.

Nikarudi nyumbani Kihanga peke yangu na sanduku langu. Nilichuma kahawa kwa hasira, nikichanganya mbivu na mbichi. Mama alimsimulia kila aliyepita njiani kwamba binti yake amebakishwa na masista kwa ajili ya akili zake, na mimi nimesimama pale pale na kikapu kichwani.

Jioni moja jirani yetu alikuja kuomba moto. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Tangu nizaliwe, kijiji chote kilimwita mama kwa jina langu, kama mama yeyote anavyoitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jirani akasimama mlangoni, akaita, "Mama," na jina alilomalizia lilikuwa la mdogo wangu.

Nikamgeukia mama, nikingoja amrekebishe.

"Abee," mama akaitika, akaendelea kumenya ndizi.