Viatu vya Ghorofani

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, mwaka huu, Bariadi ilipoteza duka la ghorofa: lilifungwa. Chini waliuza mabati, majembe na masufuria. Juu nguo, mashuka na viatu. Nilitoka Sapiwi asubuhi kwa jambo moja tu: kumshukuru mama aliyeuza viatu pale juu, kabla hajarudi kwao Mkula. Sikuwahi kumshukuru. Baba yangu alifariki wakati wa masika, na msibani nilisikia watu wakitaja mema yake ambayo yeye mwenyewe hakuambiwa. Niliogopa kurudia hilo.

Nilipokuwa mdogo, mtoto hakupelekwa mjini kununuliwa viatu. Baba alikata bua la mtama kwa urefu wa unyayo, akalichomeka kwenye paa la jikoni, na pamba ikishalipwa alikwenda nalo dukani. Mwaka wangu wa kipaimara malipo yalichelewa. Bua likadondoka, mbuzi akatafuna ncha, mtu akaliokota na kulirudisha bila kuliangalia. Baba akaja na viatu vyeusi vinavyong'aa, ambavyo kisigino changu kiligoma kuingia. Mama aliligeuza lile bua mkononi, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Askofu alikuwa anakuja Jumapili, na nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu kwamba sitakwenda na kandambili.

Kesho yake Baba alinipakia kwenye baiskeli. Sikuwa nimewahi kupanda ngazi. Nilizipanda kwa mikono na miguu. Juu kulikuwa na kibao kilichosema kitu kikishauzwa hakirudishwi. Baba alikisoma taratibu, akavua kofia.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia yule muuzaji kwa Kisukuma; mayu ndiyo mama.

"Mwangaluka, baba." Alipokea bua, akaona alama za meno. "Huyu mtoto alipimwa na nani? Wewe au mbuzi?"

"Tulisaidiana."

"Basi aliyekosea ni mbuzi."

"Hapana, mayu. Mwenye mbuzi ni mimi."

Alicheka kidogo, akaiangalia miguu yangu yenye vumbi. Ya saizi yangu ilibaki jozi moja, ile ya maonyesho kwenye kioo cha mbele, ambayo wauzaji walikatazwa kuigusa. Akavipokea vile vidogo, akaenda kuitoa hiyo. "Bosi akiuliza, nitajibu mimi," alisema. Alinikalisha kwenye benchi, akapiga magoti, akanivalisha. Jumapili nilisimama mbele ya askofu na viatu vinavyonitosha. Nilipowaza siku hiyo baadaye, sikukumbuka mahubiri. Nilikumbuka kwamba vidole havikuniuma.

Duka lilidumu miaka mingi baada ya pale. Kisha fremu ndogo zikajaa kuzunguka stendi, kila moja ikiuza kitu kimoja kwa bei nafuu. Supamaketi yenye milango ya kioo ilifunguliwa, watu wakaingia kupigwa na ubaridi wake, nayo ikafungwa. Siku hizi mtu anaona picha kwenye simu, na mzigo unaletwa na basi kutoka Mwanza. Simlaumu yeyote. Sketi niliyovaa Jumamosi hiyo ya mwisho niliinunua hivyohivyo.

Nilimkuta yule mama peke yake ghorofani, anakunja mapazia. Amezeeka, ila sauti ni ileile. Nikamsimulia yote, bua, mbuzi na askofu. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukunja.

"Nikudanganye, mwanangu?"

"Usinidanganye, mayu."

"Sikumbuki. Vijiji vyote hivi vilinipa miguu yao. Na wa mbuzi hukuwa peke yako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, si kwa hilo. Nikacheka, naye akacheka. Nikaona kwamba shukrani yangu haikupungua kwa yeye kusahau. Labda ilizidi, maana alichonifanyia mimi alikuwa akiwafanyia wote.

"Hata hivyo, asante," nikasema. "Na Baba angesema asante."

Aliacha pazia, akaninyooshea mikono yote miwili. "Nimepokea. Na ya Baba nimepokea. Sasa nishikie upande huu, hili benchi wenye duka wamenipa."

Tukalishusha ngazini, yeye akitangulia kinyumenyume na kunikemea nisikimbie. Dereva wa bajaji alisema halitaingia. Mayu akamwambia, "Lipakie kwanza, ndipo useme." Likaingia, miguu ikiwa nje. Akapanda pembeni yake, akalikumbatia, na bajaji ikaondoka kuelekea stendi.