Darubini ya Afande na Mwezi wa Idd

Nimeona wenye majivuno wengi, lakini yule kijana afisa wa jeshi la majini aliyemchumbia binti wa kaka yangu aliwapita wote. Kila akija kwetu Kinondo alikuja na darubini ya shaba kwapani, ya manowari za zamani, ati aliinunua Mombasa kwa kuwa yeye ndiye anayejua vitu. Hata akila alikuwa nayo mapajani. Ebo! Mtu mzima na bomba!

Binti huyo nimemlea mimi. Nikaha ilipangwa Idd mosi, na siku ya pili yake afande arudi kambini. Mwezi usipoandama jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, tungefunga siku moja zaidi, naye angeondoka bila mke. Binti alikuwa ameshapakwa hina ya harusi, viganja mpaka viwiko.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, tulitoka uwanjani kuangaza mwezi. Watu wote macho juu ya vilima vya Kwale, jua lilikozama. Afande akavipa vilima mgongo, akaelekeza darubini baharini. Mara akapaza sauti: "Wallahi nimeuona!"

Mwezi mwandamo, baharini kwetu! Bahari yetu iko mashariki, na mwezi mchanga hutafutwa magharibi. Mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Na huyu ndiye baharia!

"Hebu nipe na mimi, mwanangu," nikamwambia. Nikaweka jicho. Kiza na ukungu. Vioo vimeota kuvu. Hajapata kuona kitu kwa chombo kile, hata kucha yake.

"Shangazi, macho ya watu wazima..." akaanza.

"Yana uzee, hayana uongo!"

Binti alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akamuuliza kwa adabu, "Umeapa kwa Mungu, na hukuona kitu?"

"Ni kwa ajili yako," akajibu. "Watu wakila siku moja, nani atadhurika?"

"Basi na mimi utaniapia hivyo hivyo," akasema, akaingia ndani.

Tulitimiza thelathini. Afande alirudi kambini na bomba lake, na posa ikavunjika. Nilijiandaa kumcheka mwaka mzima, wallahi. Lakini siku ya Idd kila mwanamke aliyempa binti yangu mkono aliitazama ile hina ya harusi, akampa pole badala ya heri ya Idd, na mimi sikuweza kucheka.