Kijiti Kisicho na Muhuri

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka ishirini na nane. Lava ya volkano ilifunika kibanda changu cha sabuni pale Goma, Kongo, nikavuka mpaka kurudi kwetu Gisenyi, Rwanda, na shati moja na kiburi chote. Shule niliachia darasa la tatu, mwanangu, kwa hiyo nitasema wazi.

Baada ya lava, ardhi ilianza kupumua vibaya. Mashimoni, karibu na mpaka, ilitoka hewa isiyoonekana wala kunuka. Sisi tunaiita mazuku. Unamkuta ndege amelala chini, mabawa yamekunjwa vizuri, kama aliyelazwa na mama yake. Nzi hawamgusi. Nao wamelala kando yake.

Kina mama wauza mboga, wa Goma na wa kwetu, walikuwa na chama chao. Hawakungoja serikali yoyote. Kila penye shimo, pande zote mbili, walichomeka kijiti chenye kitambaa cheupe. Mimi nikang'oa vitatu nijengee zizi la mbuzi. Mukecuru Consolata, ndivyo tunavyomwita bibi mzee, mkuu wa chama, aliponiuliza, nilimcheka: kijiti kisicho na muhuri ni kuni tu. Aliniangalia, akaenda zake.

Nakumbuka asubuhi moja, wiki ileile, mbuzi wangu wawili waligoma kupita karibu na shimo. Nikachungulia. Chini alikuwa ameketi Mama Zawadi wa Goma, muuza sombe, yale majani ya muhogo, yule aliyenitania kila siku kwamba mbuzi wangu wamenizidi ndevu. Kikapu kando yake, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza kitu ardhini. Nikamwita. Hata mwangwi haukurudi.

Nilipoanza kushuka, mkono ulinikamata shati kwa nyuma. Alikuwa mukecuru. Alifunga mshumaa kwenye ufito mrefu, akauwasha, akaushusha taratibu. Mwali ulisimama wima mpaka ulipofika usawa wa kichwa cha Mama Zawadi. Hapo ukazimika. Upepo haukuwepo.

"Mazuku haisomake muhuri, kijana," alisema. "Na kijiti ya hapa, ni we uliing'oa."

Tulimnasa kwa kitanzi cha kamba, tukamtoa. Alikuwa ameshakufa.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu alikuja upesi. Wakubwa wa nchi mbili walikutana katika chumba kimoja mpakani, nasi tukaitwa, kila mmoja akidai shimo ni la mwenzake. Kisha mmoja akawauliza kina mama ni nani aliwaruhusu kuweka alama kwenye mpaka wa watu. Wakubwa wakitaka, wangeving'oa vijiti vyote siku hiyohiyo.  Mukecuru aliweka ule mshumaa mezani, akanitazama. Niliogopa gereza, sikufichi. Mshumaa haukuwa umewashwa, lakini naapa nilisikia harufu ya utambi uliozimika.

Nikasimama. "Mi ndiye niliing'oa kijiti ya pale," nikasema. "Mutu akakufa."

 Kabla wakubwa hawajatoka mle ndani walikubaliana: alama moja huku na kule, kitambaa kilekile cheupe, na kina mama ndio walinzi. Karatasi waliandika wakubwa, lakini maneno yalikuwa ya wauza mboga. Mimi hawakunifunga. Mukecuru aliniombea adhabu aliyoibuni mwenyewe: kubadilisha vitambaa vikichakaa, maisha yangu yote.

Sasa sikia, mwanangu. Usidharau jambo jema kwa kuwa halikutoka ofisini. Serikali mbili zikitazamana tu, raia wa pande mbili waanze wao, kisha wagonge mlango wa wakubwa wakiwa pamoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na ukikosea, sema mapema. Mungu akupe pumzi safi, na siku utakaposhuka pasipostahili, akutumie mtu wa kukukamata shati.

Leo nina nyumba ya matofali, pikipiki mbili za teksi, mtumbwi ziwani pale Rubona, mbuzi kumi na mmoja. Na nyuma ya mlango nina vijiti vitatu vyenye vitambaa vyeupe, tayari kwa shimo lolote jipya.