Siku ya Pasi na Kompyuta ya Kadi Mbili

Katika nyumba niliyopanga Kaloleni, vyumba vingi na luku moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, sheria ilikuwa fupi: hita marufuku, pasi Jumamosi mchana tu, tena kwa zamu. Pasi mbili zikiwashwa pamoja, swichi kubwa ilijizima na ugomvi ukaanza uani. Bibi mwenye nyumba alitulinda kwa kutazama kile kitaa chekundu cha mita. Kikipepesa taratibu, alikunywa chai yake. Kikikimbia, aligonga mlango kwa mlango.

Mimi kazi yangu ni kuchora nyumba kwa kompyuta. Mwaka ule nilipata mteja wangu wa kwanza mkubwa, aliyetaka picha inayotembea ya nyumba za wageni atakazojenga huko Usa River. Aliitaka Jumapili asubuhi, kabla hajasafiri kwenda kuwaonyesha wenzake. Ikiwaridhisha, michoro yote ingekuwa yangu. Isipowaridhisha, nilikuwa narudi kijijini, maana kazi ndogondogo zilikuwa zimenichosha roho.

Picha ya namna hiyo inataka kompyuta yenye nguvu, kwa hiyo nikanunua kadi ya pili ya grafiki, ile inayobeba kazi ya picha, kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa chuo cha Makumira. Ikabaki pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Fundi wangu wa Ngarenaro aliweka mawili mezani, la wati mia tano na hamsini na la wati elfu moja.

“Chukua hili la elfu, sista.”

“Wati elfu si sawa na pasi hiyo? Unataka nifukuzwe?”

“Halili elfu muda wote. Linavuta kile kadi zinachoomba tu. Si kama sufuria la shughuli? Hata chai ya watu wawili unaweza kuchemshia.”

Nikamwona mfanyabiashara tu. Nilijumlisha mwenyewe kadi mbili na vingine vyote, nikapata karibu kabisa na mia tano hamsini, nikajipongeza kwamba hakuna kilichopotea. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikabeba lile dogo.

Ijumaa nilianza kurenda, yaani kompyuta kugeuza michoro kuwa picha. Kadi zote mbili zilipoamka kwa pamoja, ta! Giza kwenye kioo. Nikawasha tena, ta! Nikamlaani fundi, nikamlaani yule mwanafunzi, nikalaani umeme wa nchi nzima, na taa ya chumbani inawaka inanitazama.

Jumamosi asubuhi nilirudi Ngarenaro nimenywea. Fundi hakunisema. Alinibadilishia boksi, akaniambia, “Hesabu yako ilikuwa sawa, sista. Hukuacha nafasi tu. Kadi zikiamka pamoja, kwa nukta moja huvuta kupita hesabu.”

Getini nikakutana na bibi. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Hebu nione.” Akasoma ubavuni mwa boksi. “Elfu moja! Mwanangu, umeniletea pasi imejificha?”

Nikamrudia maneno ya fundi, safari hii kwa unyenyekevu. Hakubishana. Aliamuru kila mtu azime vitu vyake, akavuta kigoda chini ya mita, akaniambia niwashe. Nilipochora tu, kitaa kilipepesa kwa adabu. Nilipoanza kurenda, kikakimbia. Akawasha pasi yake peke yake, nayo ikakimbiza kitaa vilevile, kwa kuzidi.

“Fundi hakukudanganya, na mimi sikukosea,” alisema. “Ikichora ni taa, ikifanya hiyo kazi yako ni pasi. Inataka muda gani?”

“Mpaka alfajiri, bibi. Bila kukatwa.”

Akatazama kamba. Nguo za nyumba nzima zilikuwa zinachuruzika maji. “Basi leo ni wewe au wao. Waombe wenyewe.”

Kuomba ndiko kulikonishinda maisha yangu yote. Ningeona heri nigombane. Lakini nilikwenda mlango wa pili, kwa mama mmoja wa Kimeru anayeimba kwaya kanisani, usharikani kwao, na kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno. Joho lake jipya lilikuwa kwenye kamba, jeupe, halijawahi kuvaliwa. Nikamweleza huku natazama miguu yangu.

Akaligeukia joho kwenye kamba. “Hizo nyumba zitajengwa kweli?”

“Nikimaliza, mama. Nadhani.”

“Basi maliza, dada. Joho likikauka nitalilaza chini ya godoro linyooke.” Akapaza sauti uani: “Jamani, leo pasi zimelala! Mwenzetu ana mtihani!” Wapo walioguna, lakini hakuna aliyewasha. Nilirudi chumbani nikalia, sioni aibu kusema.

Kompyuta ilivuma mpaka kulipokucha, haikuzima hata mara moja. Nilipomtumia mteja picha, nikasikia milango inafunguliwa. Yule mama alitoka na joho lake, na mkunjo mmoja mgongoni, kutoka bega hadi bega, ambao godoro lilikuwa limeukandamiza badala ya kuuondoa.

“Imemaliza?”

“Imemaliza, mama.”

“Bwana asifiwe,” akasema, akaenda kuimba hivyohivyo mbele ya usharika mzima.

Kazi niliipata. Jumamosi iliyofuata nilizima kompyuta, nikaomba zamu ya kwanza, nikatandika blanketi mezani uani. Bibi alikuja kutazama kwa nini kitaa kinakimbia, akanikuta nimeinamia lile joho, naunyoosha ule mkunjo.