Mwenyekiti Anakuja

Mkwe wangu, sokoni kote wanamwita Mwenyekiti. Kazi yake ni kutengeneza viti: anagongea miguu iliyolegea, anabadilisha sponji zilizolala. Kibanda chake kimejaa viti vya watu, lakini mwenyewe akitaka kupumzika hukaa juu ya debe. Utani ulianzia hapo, jina likamganda.

Binti yangu alipompenda hakuficha. Alimpigia simu shangazi yake, yaani wifi yangu: "Shangazi, nimepata mchumba. Ni Mwenyekiti." Basi! Wifi hakuuliza mwenyekiti wa nini. Wifi yangu na ukubwa ni chanda na pete.

Na yeye ndiye aliyemsomesha mtoto tangu baba yake alipotuacha duniani. Binti aliapa kwamba shangazi akikataa, haolewi. Mimi kila nikijaribu kumfungua wifi macho, ananikata: "Mambo ya wakubwa niachie mimi." Haya, nikamwachia. Akautangazia mtaa wao mzima.

Siku ya posa alifika kwangu na kilemba kirefu, akaketi kwenye kochi, shingo dirishani akisubiri gari. Kijana akaja kwa miguu, shati limenyooka pasi, begani kabeba kiti.

"Weka pale," wifi akamwamuru. "Bosi wako yuko wapi?"

"Shikamoo, shangazi. Bosi ndiye mimi."

"Wewe? Mwenyekiti wa kampuni gani?"

"Wa hiki hapa," akasema, akakitua taratibu. "Nimekutengenezea wewe."

Jamani! Nilikimbilia jikoni nikachekee huko. Niliporudi hapakuwa na cha kuchekesha tena. Wifi kavimba, kijana kainamisha kichwa, binti machozi yanamtoka.

"Shangazi," binti akasema, "kwako kuna makochi ya watu saba. Nilipokuwa nakuja likizo, zaidi ya mimi na wewe, nani mwingine alikuwa anayakalia?"

Wifi hujibu kabla hujamaliza kuuliza, lakini hapo alianza kurekebisha kilemba. Mumewe ana mali, hilo halina ubishi, ila nyumbani hupita kubadilisha shati tu. Sote tunajua, hatusemi. Nilimwonea huruma, wallahi.

Akainuka kwenye kochi, akakaa kwenye kile kiti. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia. Hakikulia hata kidogo.

"Umeleta hiki kimoja tu?" akamuuliza kijana.

"Kimoja tu, shangazi."

"Basi kalete na vingine. Nani kakwambia nataka kukaa peke yangu?"

Binti akamrukia shingoni, kilemba kikaanguka, na wifi hakukiokota. Mtaani kwao hajafuta neno hata moja. Mpaka leo anajigamba kwamba mwanawe kaolewa na Mwenyekiti, na Jumapili anakwenda kula kwa vijana hao, mume wake mwenye mali awepo asiwepo.